Tairi la Akiba Linakaa Wapi?

Kinyozi wa kwanza niliyemfahamu alikuwa na kiti kimoja, kioo chenye ufa, na picha ya Lamborghini. Kibanda chake kilikuwa jirani na mashine ya kusaga pale kijijini kwetu Mpitimbi, kusini mwa Songea, na mashine yake ya kunyolea ilitumia betri ya gari. Shuleni wasichana tulinyoa nywele sawa na wavulana, kwa hiyo kila baada ya wiki chache nilikaa kwenye kiti kile, shingo nimeinamisha, macho nimeyatupa ukutani. Gari lilikuwa jekundu, limelala chini kama kandambili, milango imefunguka kwenda juu kama mbawa za kumbikumbi. Chini ya picha kinyozi alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mzito: KM 300 KWA SAA.

Sikuwa na cha kulinganisha na namba hiyo. Magari niliyoyajua yalikuwa pikapu za abiria na malori yanayokuja kuchukua mahindi. Lakini darasa la nne tulikuwa tumeanza hesabu za mwendo, na siku moja nikiwa bado kwenye kiti nilikokotoa. Kutoka kwetu mpaka Songea mjini ni chini ya kilomita 50. Kwa kilomita 300 kwa saa, safari nzima ni dakika 10.

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema dakika 10 hazimtoshi hata konda kumaliza kupanga magunia.

Leo nasoma shahada ya uzamili ya historia, Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu malori. Rafiki zangu wanaandika juu ya vyama vya siasa, mashujaa na mikataba ya wakoloni. Mimi naandika juu ya mapipa ya mafuta na springi zilizokatika. Katika kutafuta malori ndipo nilipokutana na gari jingine la Kiitaliano, la ajabu kuliko lile la kinyozi. Gari hilo lilifika Afrika Mashariki kweli, likakanyaga matope yetu, likashindwa. Jina lake ni Lancia Stratos. Nimekaa nalo miezi kadhaa sasa, na nimegundua kwamba siwezi kulieleza bila kueleza lori la babu yangu, wala bila kueleza usiku mmoja wa Machi 2010.

*

Nianze na gari lenyewe, kwa sababu ni zuri na halina kosa.

Mwaka 1970, kwenye maonyesho ya magari ya Turin, karakana ya Bertone ilionyesha chombo kilichofanana na kabari yenye magurudumu. Mchoraji wake alikuwa Marcello Gandini, yuleyule aliyechora Lamborghini Miura, na ambaye baadaye alichora Countach. Kampuni ya Lancia wakati huo ilikuwa na shida. Gari lake la mashindano, Fulvia, lilikuwa limezeeka, na meneja wa timu yake, Cesare Fiorio, alikuwa na wazo ambalo wengi hawakuwa nalo. Mpaka hapo magari ya mashindano ya barabarani yalikuwa magari ya kawaida ya kuuzwa mitaani yaliyoongezewa nguvu. Fiorio alitaka gari litengenezwe tangu mwanzo kwa ajili ya kushinda, kisha ndipo litafutiwe wateja.

Likatengenezwa. Injini ilitoka Ferrari: silinda 6 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, ujazo wa sentimita za ujazo 2,418, kabureta 3 za Weber. Injini hiyo iliitwa Dino, jina la mtoto wa Enzo Ferrari aliyefariki mwaka 1956 akiwa kijana. Katika gari la kuuzwa ilitoa nguvu za farasi 190. Katika gari la mashindano ilivuka 250.

Lakini siri ya Stratos ilikuwa katika mpangilio wake. Injini haikuwekwa mbele wala nyuma kabisa. Ilikaa katikati, nyuma ya mgongo wa dereva, tena imelazwa kwa upana wa gari. Uzito ukawa umejikusanya karibu na kitovu. Ukitaka kuelewa faida yake, chukua mpini wa jembe bila jembe, ushike katikati, uuzungushe. Kisha funga tofali kila ncha ujaribu tena. Gari ambalo uzito wake uko katikati hugeuka kama ule mpini mtupu. Juu ya hapo, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.18 tu, mfupi kuliko wa Volkswagen Beetle. Gari zima lilikuwa na urefu wa mita 3.71 na kimo cha mita 1.11, yaani linamfikia mtu mzima kiunoni. Bodi ilikuwa ya faiba, na uzito wote haukufika tani moja. Ndani ya milango kulichongwa mifuko mikubwa ya kuwekea kofia ngumu za dereva na msaidizi wake, kwa sababu hao ndio watu wawili pekee waliofikiriwa.

Gari lilikimbia kilomita 230 kwa saa, na kutoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa halikufikisha sekunde 7. Yalitengenezwa pungufu ya 500. Mwaka 1974, 1975 na 1976 Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa mashindano ya barabarani mara 3 mfululizo, na Sandro Munari, akiwa na Stratos, alishinda Monte Carlo mwaka 1975, 1976 na 1977. Kwenye kona za milimani za Ulaya, juu ya lami na barafu, hapakuwa na gari la kulifikia.

Kisha likaja Kenya.

*

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mali yetu pia. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Kufikia wakati wa Stratos njia zilikuwa zimebaki ndani ya Kenya, lakini tabia yake ilikuwa ileile. Yalikuwa yanafanyika Pasaka, majira ambayo mvua huwa imekaribia au imeshafika. Urefu wake ulizidi kilomita 5,000. Barabara hazikufungwa: mbele ya gari la mashindano kungeweza kutokea basi, ng'ombe, au mama mwenye kuni kichwani. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka huo wa 1968 yalikuwa yameanza 93.

Lancia waliiandaa Stratos kwa njia hizo. Waliinyanyua juu, wakaifunga vyuma mbele, wakaiongezea taa. Mwaka 1975 Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote wakiwa na Stratos. Aliyewatangulia alikuwa Ove Andersson kwenye Peugeot 504. Mwaka 1976 Stratos hazikumaliza; akashinda Joginder Singh, Mkenya, kwa Mitsubishi Lancer, ukiwa ushindi wake wa tatu. Mwaka 1977 Munari alirudi akapata nafasi ya tatu. Waldegård alishinda mwaka huo, ila alikuwa amehamia Ford Escort. Stratos, gari lililoshinda karibu kila mahali lilipopelekwa, haikushinda Safari hata mara moja.

Wapenzi wa magari wana maelezo yao, na mengi yanahusu bahati. Mimi nayaangalia magari yaliyoishinda. Peugeot 504 ilikuwa gari la familia: milango minne, buti kubwa, springi zenye mwendo mrefu, na umbali wa zaidi ya mita 2.7 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ulikuwa unaikuta kwenye stendi za Nairobi na Dar es Salaam ikibeba abiria kupita idadi. Gari refu likiingia shimoni hunesa. Gari fupi hurushwa. Sifa ileile iliyoifanya Stratos igeuke kama mbayuwayu kwenye kona za Monte Carlo ndiyo iliyoifanya isitulie kwenye makorongo. Kimo chake cha chini kilikuwa sifa pale barabara ilipokuwa safi. Kwenye barabara yenye tuta la udongo katikati kati ya njia mbili za magurudumu, kimo hicho ni deni.

Waitaliano walijifunza. Mwaka 1988 Lancia ilishinda Safari hatimaye, ikashinda tena mwaka 1989, mara zote mbili dereva akiwa Miki Biasion, na mara nyingine mwaka 1991 kwa mkono wa Juha Kankkunen. Gari safari hii lilikuwa Delta Integrale: umbo la kisanduku, milango mitano, injini ya lita 2 yenye taba, na magurudumu yote manne yanavuta. Hakuna kinyozi wa Mpitimbi ambaye angelibandika ukutani. Lingeweza kudhaniwa la mwalimu mkuu.

*

Sasa lori.

Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru wake yenyewe. Zambia, ambayo ilikuwa ikipitisha huko shaba na mafuta yake, ikajikuta imebanwa. Njia iliyobaki ilikuwa kaskazini: barabara kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, mpaka Tunduma na kuendelea. Sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta yakateremka na shaba, na yalikufa mengi kiasi kwamba Waingereza wakaiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na kampuni ya Kiitaliano ya Intersomer, ziliunda shirika la uchukuzi lililoitwa Zambia Tanzania Road Services. Malori yake yalikuwa Fiat.

Babu yangu alikuwa utingo kwenye Fiat. Aliondoka Songea mwaka 1967 akiwa na miaka 19, akitafuta kazi ya kulipia mahari, akaipata Iringa. Nilimjua maisha yangu yote kama mkulima wa mahindi mwenye sikio moja zito. Nilipomwambia nasomea malori, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mjukuu wake anasomea majembe.

"Serikali inakulipia hiyo?"

"Ni mkopo, babu."

"Ukimaliza utalipa?"

"Nitalipa."

"Haya. Uliza."

Nilimuuliza siku tatu, jioni, nje ya nyumba, kinasa sauti cha simu kikiwa juu ya kinu kilichogeuzwa. Lori lake lilikuwa modeli ya 682, ambayo Fiat walianza kuitengeneza mwaka 1952 na ambayo ilienea Afrika kuliko karibu lori lolote la Ulaya. Ilikuwa na injini ya dizeli ya silinda 6, yenye ujazo unaozidi lita 10, na modeli za miaka ile ya 1960 zilikaribia nguvu za farasi 180.

Nilipoandika namba hiyo kwenye daftari nilisimama. 180 kwa lori, 190 kwa Stratos. Mashine mbili kutoka nchi moja, zenye nguvu karibu sawa. Moja inabeba watu wawili wenye kofia ngumu, nyingine inabeba tani za mafuta kupanda mlima Kitonga. Tena hata ukoo ni mmoja. Mwaka 1969 Fiat iliinunua Lancia, na mwaka huohuo ikachukua nusu ya Ferrari. Lori la babu na gari la Munari ni watoto wa nyumba moja.

Tofauti yao iko katika namna ya kuitumia nguvu hiyo. Injini ya Stratos ilifikia nguvu zake zote ikizunguka mara 7,000 kwa dakika. Ile ya lori ilizifikia ikizunguka kama mara 1,900. Nguvu za farasi ni zao la mambo mawili, nguvu ya kuzungusha na wepesi wa mzunguko. Kwa hiyo mashine mbili zenye nguvu sawa, moja ikizunguka polepole, basi hiyo ya polepole inazungusha kwa msuli mkubwa zaidi. Hapa ni zaidi ya mara tatu. Ukipitisha msuli huo kwenye gia fupi na difu nzito, unapata chombo kinachopanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea na hakisimami.

Babu hakuhitaji hesabu hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa anatembea. Kwenye mwinuko mkali, kazi ya utingo ilikuwa kushuka na kufuata kando ya tairi la nyuma, mikononi ana kabari ya mti. Lori likishindwa, kabla halijaanza kurudi nyuma, kabari inaingia chini ya tairi. Ukichelewa sekunde mbili, lori linakwenda bondeni na dereva wake.

"Ulikuwa unaogopa?"

"Nilikuwa naangalia tairi. Ukiogopa unaangalia pembeni."

Alinieleza walivyolala chini ya lori mvua ikinyesha, maji yakipita mgongoni. Alinieleza mapipa yaliyovuja, harufu ya petroli iliyoingia kwenye ugali. Alinieleza springi: kwamba zilikatika mara nyingi, lakini ziliwekwa mahali ambapo watu wawili wenye jeki na nyundo wangeweza kuzifungua porini. Hilo alilirudia. Kwa mhandisi wa Turin labda ulikuwa mstari mmoja kwenye mchoro. Kwa babu ulikuwa usiku mmoja porini badala ya wiki nzima.

Njia ile haikubaki Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 na lililojengwa na Waitaliano, lilianza kupeleka mafuta Ndola. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikaja. Kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina kwa kushirikiana na Watanzania na Wazambia, ikakamilika mwaka 1975. Babu alirudi Mpitimbi, akaoa, akalima. Lami ya kutoka Makambako kuja Songea ilifuata miaka ya 1980. Ikafika mjini, ikaishia hapo.

*

Usiku wa Machi 2010 nilikuwa na miaka 10. Mama alikuwa mjamzito, mwezi wa tisa, na uchungu ulianza jioni kukiwa kumenyesha siku nne mfululizo. Bibi mkunga alimshika tumbo akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Baba alikodi pikapu. Mimi nilipandishwa nyuma pamoja na shangazi kwa sababu hapakuwa na wa kubaki nami.

Pikapu ile ilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Tulikwama mara ya kwanza kabla hatujaenda mbali. Wanaume walishuka, wakakata matawi, wakayaweka chini ya tairi, wakasukuma, tukatoka. Mara ya pili ilikuwa bondeni, karibu na daraja, na hapo matawi hayakusaidia. Tairi zilizunguka zikachimba mpaka gari likakalia tumbo lake. Nakumbuka sauti ya injini ikilia kwa nguvu zake zote na gari halisogei hata kidole. Nakumbuka dereva akizima, ukimya, halafu mama.

Tulitolewa alfajiri na Fuso la mahindi lililokuwa linatoka upande wa Muhukuru, kwa mnyororo. Safari ilichukua saa 6. Umbali ni chini ya kilomita 50, kwa hiyo mwendo wetu ulikuwa chini ya kilomita 9 kwa saa. Mama alifanyiwa upasuaji, akapona. Mtoto, mdogo wangu wa kiume, alizaliwa hakulia.

Sijaandika haya ili nimtafute wa kumlaumu. Dereva alifanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake, hata pesa alikataa. Nimeyaandika kwa sababu kwa miaka mingi niliweka mambo haya katika visanduku viwili tofauti. Kimoja kilikuwa cha picha ya kinyozi: kasi, nguvu, teknolojia, vitu vya watu wengine. Cha pili kilikuwa cha nyumbani: mvua, matope, mapenzi ya Mungu. Chuoni ndipo nilipoona kwamba ni somo moja. Kilomita 300 kwa saa ni kipimo cha gari. Lakini gari halijawahi kwenda popote peke yake. Kila namba ya mwendo ina barabara ndani yake, hata kama haijatajwa. Ile ya Lamborghini ina lami iliyonyooka, kavu, iliyolipiwa na mtu. Stratos ilipokuja Afrika Mashariki iliiacha barabara yake Ulaya, na mara moja ikawa gari la nafasi ya pili na ya tatu. Pikapu ya usiku ule haikuwa mbovu. Juu ya lami ingetufikisha kwa saa moja na ushee.

Ndiyo maana nadhani sisi tunaosoma historia ya huku tunakosea tunapoisimulia teknolojia kama orodha ya mashine zilizoletwa: meli, reli, lori, ndege. Mashine ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ardhi inayoipokea, na watu wanaotembea kando ya tairi na kabari mkononi. Wahandisi waliochora 682 waliiheshimu nusu hiyo, labda kwa sababu wateja wao waliwalazimisha. Walioandaa Safari waliijua vizuri kiasi cha kuigeuza mchezo. Magari yalikuja Pasaka kutafuta matope ambayo wengine tulikuwa tunayakimbia, yakapigwa picha, yakarudi kwao. Siwaonei wivu wala sina hasira nao. Ningekuwepo ningesimama kando ya njia nikashangilia. Ila natamani mtu angeulizwa wakati ule: baada ya Pasaka, nani anabaki na hii barabara?

*

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Siku ya pili nilimwonyesha babu picha ya Stratos kwenye simu, ile ya rangi nyeupe, kijani na nyekundu za shirika la ndege la Alitalia. Nilimweleza kila kitu: injini ya Ferrari, faiba, sekunde 7, ubingwa wa dunia mara tatu. Aliishika simu mbali na uso wake, kama wazee wanavyofanya, akaitazama muda mrefu. Nilitegemea aseme ni nzuri.

"Tairi la akiba linakaa wapi?"

Nilikuza picha. Tukalitafuta pamoja. Baadaye nilipata picha nyingine ya Safari ambapo tairi za akiba zimefungwa nje, nyuma, juu ya mgongo wa gari, kama mtoto aliyebebwa na kanga. Nilimwonyesha. Akatikisa kichwa kuafiki.

"Hapo sasa walishauliza watu," alisema.

Kibanda cha kinyozi bado kipo, ila kinyozi ni mwingine, na umeme wa gridi umefika. Ukutani kuna mabango ya wachezaji wa mpira. Msichana wa kama miaka tisa alikuwa kwenye kiti, shingo ameinamisha. Nilitaka kumuuliza anaangalia nini, nikaona nitamtisha.

Mama alinisindikiza kituoni. Barabara yetu ni ileile inayotoka Likuyufusi kwenda Mkenda, mpakani na Msumbiji, na siku ile ilikuwa imechongwa vizuri, mvua zikiwa zimechelewa. Gari lilipoondoka niliangalia saa ya simu. Tuliposhuka Songea mjini niliangalia tena, nikaandika kwenye daftari la utafiti: saa 1 na dakika 25, barabara kavu, abiria 19, magunia 6, pancha hakuna.

Mama alipiga simu kuuliza kama nimefika. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudi Machi, nipime tena.